Sura ya Tano: Lundo la Theodosia

Kama ungemuuliza mtu yeyote wa kijiji cha Rusenyi asubuhi ile ni nani aliyemuua mtoto wa Mwamvua, angekujibu kabla hujamaliza swali. Hukumu ilikuwa imeshatolewa. Kilichokuwa kinasubiriwa ni pingu tu, na pingu zilikuwa njiani kutoka Kasulu, ndani ya Land Rover ya polisi iliyokuwa ikipanda milima kwa kuguna, Koplo Saidi akipigana na usukani na mvua ya Desemba ikiwa imeshaivuruga barabara yote ya Makere.

Inspekta Khatibu Omary, aliyekaa pembeni ya Koplo, hakupenda kesi zinazoletwa mezani zikiwa zimeshapikwa. Mara nyingi aliyepika huwa ana sababu ya kutotaka ufunue sufuria. Lakini safari hii alikuwa ametulia, kwa kuwa ripoti ya kwanza, iliyomtaka yeye kwa jina, ilitoka kwa Nestori, bwana shamba wa kata ile, na Nestori alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikula sahani moja miaka yote ya shule. Khatibu alipooa, Nestori, Mkristo wa watu, ndiye aliyebeba sanduku la bibi harusi mpaka mlangoni kwa wakwe, na mashehe wakacheka.

Kabla ya kuondoka Kasulu, Inspekta alipitia hospitali. Watoto wachanga wawili wa Rusenyi walikuwa wameugua. Mmoja alipona, wa Mwamvua akafa.

"Huyu aliyepona, damu yake ilikuwa rangi ya kahawa," mganga msaidizi alimwambia. "Midomo buluu, kucha buluu. Sumu ya panya, tuliyoidhania kwanza, haifanyi hivyo."

"Nini kinafanya hivyo?"

"Maji yaliyoingiwa na samadi nyingi, au mbolea ya chumvichumvi. Mtu mzima anakunywa wala hajui. Anayedhurika ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Wote wawili mama zao walikosa maziwa."

"Na maji yakichemshwa?"

Mganga alitikisa kichwa. "Hapo ndiyo mbaya zaidi. Maji yanapungua, chumvi inabaki pale pale."

Inspekta aliyaweka maneno hayo kichwani. Karibu na kijiji walimpita mwanamke aliyekuwa akipanda kilima na debe la maji kichwani, mtoto mgongoni mwenye mashavu yaliyoumuka kama maandazi. Alikuwa Rosa, mke wa Nestori.

"Mwakeye, shemeji!" Khatibu alitoa kichwa dirishani. "Mbona unatoka mtoni na chemchemi mnayo mlangoni?"

"Miguu ikikaa inaoza, shemeji!" Rosa alicheka huku akihema. Khatibu naye akacheka, gari likapita.

*

Chemchemi ya Rusenyi ilitoka chini ya mwamba na kuingia katika bomba fupi la chuma. Juu yake, mteremko wote ulikuwa umezungushiwa mstari wa mikonge. Nestori alikuwa akisubiri hapo na mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Hilali, na nyuma yao kundi la watu lililokuwa limenuna.

Nestori alimkumbatia rafiki yake, kisha akageuka kuwa mtu wa kazi. "Ndani ya mikonge hii, Inspekta, hakuna zizi, hakuna samadi, hakuna chumvichumvi wala jembe. Ndiyo sheria ndogo ya kijiji. Niliiandika mimi, mkutano ukaipitisha kwa mikono yote. Sasa tazama kule."

Alinyoosha kidole. Pembeni kabisa, ndani kidogo ya mstari, palikuwa na lundo la samadi lililofunikwa kwa majani ya migomba, na nyuma yake kibanda cha nyasi.

"La nani?"

"La Theodosia Niyibizi. Mkimbizi."

"Alijua sheria?"

"Nilimwonya zaidi ya mara moja. Anaitika, anaendelea."

Khatibu aliandika. Neno la Nestori hakuwahi kulipima, na hakuanza siku hiyo.

"Hatukatai wageni," Hilali alisema kwa sauti ya kusikiwa na kundi. "Tuliwapokea mwaka wa sabini na mbili wakiwa hawana hata kijiko. Lakini huyu aligombana na Mwamvua, mbele za watu, habari ya kuku. Wiki haikupita, mtoto akafa. Wakubwa wameshasema, akionekana ana hatia anarudishwa alikotoka. Wewe sema neno tu, Inspekta."

Alikotoka ni ng'ambo ya mpaka. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba mume wa Theodosia na wanawe walibaki huko ardhini. Kumrudisha ilikuwa ni kumzika, ila kwa gharama ya nauli. Inspekta alifunga daftari na kuomba kumwona mtuhumiwa.

*

Walikuwa wamemfungia ndani ya ghala la kijiji. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani. Hilali alibaki mlangoni bila kualikwa.

"Amahoro, mama," Khatibu alisema.

Theodosia aliinua macho. Hakuitegemea salamu ya kwao. "Amahoro, Afande."

"Lundo ni lako?"

"Ego. Ni langu."

"Uliambiwa ni marufuku kuliweka pale?"

"Oya! Nani aliniambia? Bwana shamba mwenyewe ndiye alinionyesha. Alipiga kijiti kwa mkono wake. Akasema, mama Theodosia, weka hapa, maji ya hapa yanashukia kwenye mihogo yako, hayaendi kwenye chemchemi. Nimezoa mavi ya ng'ombe wa watu, nimefunika, nimechimba mfereji, vyote kama alivyonifundisha."

"Yeye anasema alikuonya."

"Amesema hivyo? Nestori?" Alilitamka jina kama mtu anayelijaribu upya mdomoni. "Mana yanje, Mungu wangu. Ni yeye aliyenipa mbegu ya kwanza ya maharage, hapa Tanzania."

"Mwongo huyo!" Hilali alifoka mlangoni.

"Ndugu Mwenyekiti, ukitaka kuhojiwa zamu yako itafika," Inspekta alisema bila kugeuka.

Hakumwamini Theodosia. Mtu mwenye kamba shingoni husema lolote. Lakini alipoinuka kuondoka, macho yake yaliangukia rundo la mifuko ya nailoni nyuma ya kinu, mitupu, imekunjwa vizuri. Alichukua mmoja, akaufungua. Akachukua mwingine, na mwingine.

"Hii ni ya nini?"

"Mbolea ya serikali, ya msimu uliopita," Hilali alijibu haraka. "Tuliitia shambani yote. Wageni kutoka wilayani walikuja, wakaiona mifuko, wakatupongeza."

Kila mfuko ulikuwa umepasuliwa tumboni kwa kisu, kutoka juu mpaka chini. Inspekta alizaliwa Kasulu, dukani kwa baba yake, na alijua thamani ya mfuko wa nailoni. Mkulima wa huku Buha huufumua uzi wa mdomoni taratibu, huku kashika pumzi, kisha huchota mbolea kwa kizibo cha soda, shina kwa shina. Mfuko ukiisha unabebea maharage, unaanikia muhogo, unamfunika mtoto mvua ikinyesha, na mwisho watu wanaugombania kwenye urithi. Kuupasua ni kuutupa. Hii ilipasuliwa na watu waliokuwa na haraka ya kumwaga, wala si ya kupanda.

Aliurudisha mfuko mahali pake na kusema kwamba mvua inakuja.

*

Mvua ilikuja kweli, na Hilali na kundi lake wakakimbilia kwenye baraza. Inspekta alitembea kuelekea kwenye lundo la Theodosia. Koplo Saidi alimfuata, jani la mgomba kichwani, akinung'unika kwamba polisi wa Kigoma mjini siku kama hii wanakunywa chai.

"Simama hapo, utazame maji," Khatibu alimwamuru.

Maji ya kahawia yalianza kutoka chini ya lundo. Yaliingia mferejini, yakafuata mfereji, yakauzunguka mgongo wa kilima na kushuka upande wa pili, kwenye mihogo. Mvua ilivyozidi, ndivyo yalivyokimbia upande ule ule. Inspekta alishuka mpaka kwenye chemchemi na kurudi. Hata tone moja halikuelekea kule.

"Basi si samadi, Afande," Koplo alisema.

"Si hii." Inspekta alikuwa akitazama alama ya kijiti kilichooza pembeni ya lundo. Mtu aliyekipigilia alijua maji ya kilima kile yanakokwenda. Theodosia alifika pale akiwa mgeni, hata kuni alikuwa hajui zinapatikana wapi. Kwa mara ya kwanza siku ile shaka ilimwingia, akaisukuma pembeni. Nestori ana watu wengi. Labda amesahau.

Walipanda juu, katikati ya eneo lililokatazwa. Zamani palikuwa na kaya huko, kabla ya Operesheni ya vijiji kuwahamishia wote barabarani. Nyumba zilikuwa zimeanguka, migomba imezeeka bila mwenyewe. Palibaki pia mashimo ambayo Waha wanayaita urwina, ya kuivishia ndizi za pombe. Yalikuwa yamejaa magugu na vyura, yote isipokuwa moja. Hilo lilifukiwa, udongo wake ukapigwapigwa kwa jembe. Migomba iliyolizunguka ilikuwa na majani ya kijani cha kukoza, karibu na cheusi, na nyasi zilifika kiunoni wakati kwingine zilikuwa za kifundoni.

"Chimba," Inspekta alisema.

Koplo Saidi hakuchimba sana. Chini ya udongo palikuwa na majani ya migomba yaliyooza, na chini ya majani mabonge meupe, makubwa kama viazi, yakiyeyuka pembeni. Shimo lenyewe lilikuwa limetoboa udongo mwekundu mpaka kwenye changarawe. Maji yakiingia hapo hayana kwingine pa kutokea ila chini ya ule mwamba.

"Chumvi ya ng'ombe?" Koplo aliuliza.

"Kaniletee majivu kibandani kwa Theodosia. Na kibuyu."

Alivunja bonge dogo kwenye kibuyu, akatia majivu, akamimina maji, akakoroga kwa kijiti. Kisha akamsogezea Koplo puani. Saidi aliruka nyuma, macho yakimtoka machozi, akatukana kwa lugha ya kwao.

Inspekta hakuhitaji kunusa. Aliijua harufu ile. Nestori alipotoka tu chuo cha kilimo alimkuta Khatibu akirutubisha mchicha wa mama yake kwa majivu na mbolea ya dukani pamoja, akampiga kofi la mkononi. Usichanganye, rafiki yangu, alisema, nguvu yote itakupanda puani, mchicha usipate kitu. Mama alicheka sana siku hiyo, akawapikia wali.

Khatibu alikaa juu ya jiwe na kuiacha mvua impige. Aliumia, na hakuona aibu kwamba aliumia. Lakini kazi ya upelelezi ina huruma yake ndogo: bado palikuwa na swali moja. Hilali angeweza kumwaga mbolea ile bila Nestori kujua. Alishuka kilima akiliomba swali hilo limpe jibu zuri.

*

Nestori alikuwa mezani, akila ugali wa muhogo na maharage. Alisimama kwa furaha. "Umelowa kama kuku! Rosa, mletee shemeji yako kitambaa. Umemaliza na yule mama?"

"Karibu. Shemeji, naomba maji ya kunywa."

Rosa alileta kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi. Khatibu alikishika bila kunywa.

"Haya ya chemchemi?"

"Hapana, shemeji, ya mtoni. Kunywa tu usiogope." Rosa alisema kwa fahari ya mke anayetii. "Ya chemchemi Nestori ametukataza tangu mvua zikolee. Anasema tumbo la mtoto ni dogo."

Tonge la Nestori lilibaki hewani. Rosa alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akatoka na kitambaa bado begani.

Khatibu alikiweka kikombe mezani. "Nimefika kwenye urwina."

Nestori alilirudisha tonge sahanini.

"Mifuko ilipasuliwa na nani?"

"Vijana wa Hilali."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu." Nestori alikisukuma chakula. "Sikiliza, Khatibu. Mbolea ilifika mahindi yameshatoa mbelewele. Ungefanyia nini? Wakulima wenyewe walishaikataa, wanasema inachoma udongo. Na wakubwa wanataka wasikie imetumika yote, hata kiroba kisibaki. Nilikuwa nimependekezwa kwenda kusoma Morogoro. Kijiji kikionekana kimeshindwa, nimeshindwa mimi."

"Kwa nini ndani ya mikonge? Ulikuwa na Buha nzima ya kumwaga."

"Kwa sababu hakuna mtu anayeingia mle." Alijibu kwa sauti ndogo. "Sheria inakataza."

Nje, mtoto wa Rosa alikuwa akicheka na kitu. Wote wawili walisikiliza.

"Ulijua lini kwamba maji yameharibika?"

"Mvua zilipokolea nilienda kuonja. Nikajua."

"Ukamwambia Rosa."

"Ndiyo."

"Na Mwamvua?"

Nestori aliufunika uso kwa viganja. "Alikuja kuniuliza. Alimwona Rosa anapita na debe kila siku, akaniuliza, bwana shamba, maji yana nini? Ningesema nini? Nilimwambia hayana kitu, achemshe tu."

"Na Theodosia? Kile kijiti ni chako."

"Ni changu. Pale ni salama, najua ni salama. Lakini watu walitaka jina, Khatibu, nao walikuwa wameshaanza kumtazama yeye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hana ukoo hapa, hana wa kumlilia. Nilijiambia watamhamisha tu, yataisha."

"Ulijua wanamrudisha wapi."

Khatibu alikuwa na swali lililobaki, na halikuwa la kesi. Alijizuia, akashindwa. "Mimi je? Mimi uliniita kwa nini? Wapelelezi wako wengi Kigoma."

Rafiki yake aliinua uso. Hakuwa na hila tena, na labda ndiyo maana alisema ukweli.

"Wewe ungeniamini."

Inspekta Khatibu amewahi kupigwa rungu na wezi wa ng'ombe, na kovu analo. Halikuuma namna ile. Alitoa pingu mfukoni mwenyewe, hakumwita Koplo, akamfunga Nestori mikono ile iliyobeba sanduku la bibi harusi yake. Pingu hazikushika, akarudia kufunga mara ya pili.

*

Hilali alijaribu kusema kwamba yeye alitii utaalamu. Koplo Saidi alimwambia akautii na ubao wa Land Rover, apande. Inspekta aliziba bomba la chemchemi kwa gunia na udongo, akawaambia watu wateke mtoni hadi wataalamu waje kupima, na hasa wenye watoto wachanga. Watu waliomnunia asubuhi sasa walitazama chini.

Alifungua ghala mwenyewe. Theodosia alitoka, akasimama kwenye mwanga, akamwona Nestori ndani ya gari na pingu. Hakumtukana. Alimtazama mpaka Nestori akageuza shingo.

"Lundo langu, Afande," alisema. "Liondoke?"

"Libaki, mama. Lilikuwa mahali pake."

Alikwenda zake kwa miguu mizito, na kundi likampisha njia. Hakumsalimu hata mmoja wao, na hakuna aliyethubutu kumlaumu.

Khatibu alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari alipomwona mwanamke mwembamba akija mbio kwenye matope, khanga imefungwa kifuani kama ya mfiwa. Hakuhitaji kutajiwa jina. Mwamvua alisimama mbele yake, hakumtazama Nestori kabisa.

"Inspekta, wanasema ni maji."

"Ni maji, mama."

"Lakini mimi nilichemsha." Alimshika mkono wa shati. "Nilichemsha kama nilivyoambiwa, kuliko wenzangu wote. Niliacha yakatokota mpaka sufuria inabaki nusu, ndipo nikoroge maziwa. Niambie wewe uliyesoma. Ningechemsha zaidi, angepona?"

Maneno ya mganga yalimjia Khatibu, yote, neno kwa neno. Siku nzima alikuwa akiwalazimisha watu waseme kweli. Aliutazama mkono ule ulioshika shati lake, akaona kwamba kweli hii ikimfikia Mwamvua, haitamwacha alale kamwe.

Nyuma yake, ndani ya gari, Nestori alikuwa ameanza kulia.

"Hapana, mama," Khatibu alisema. "Wewe ulifanya ulichoambiwa na mtu uliyemwamini. Hata mimi nilikuja hapa hivyo hivyo."

Alisubiri mpaka Mwamvua alipomwachia shati. Kisha akapanda mbele, akafunga mlango, na mpaka Kasulu hakugeuka nyuma kutazama.